Mhariri, yule mbwa wa kwenye picha yuko wapi sasa?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaokesha hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika sijawahi, leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile picha mliyoweka ukurasa wa mbele wiki iliyopita, ile ya mbwa aliyefunguliwa mnyororo baada ya kuachwa kwenye nyumba tupu, mbavu zote zinahesabika, ngozi ya shingo imechunika, alafu mbele yake kuna sinia limejaa chakula mpaka kinamwagika na watu wamemzunguka wanatabasamu. Chini yake mkaandika kwamba mbwa ameokolewa. Niliiangalia ile picha nikakosa raha siku nzima, na sio kwa sababu ya zile mbavu, mbavu nimeshaziona nyingi jamani, ni kwa sababu ya lile sinia.

Naomba nieleze kwanini.

Miaka kadhaa nyuma nilimkuta mbwa jike kafungwa kwa waya nyuma ya nyumba ambayo wenyewe walishahama, sijui alikaa pale siku ngapi, nikakata ule waya nikambeba mikononi maana kusimama alikuwa hawezi, mwepesi kama kapu tupu. Nikampeleka nyumbani nikampa chakula. Nilimpa kingi. Alivyomaliza nikamwongeza, na vile alivyokuwa anatikisa mkia huku anakula mi machozi yananitoka, nikasema moyoni huyu tayari kapona. Siku ya kwanza kala, siku ya pili kala, usiku wake akaanza kutetemeka, miguu inalegea, anahema kwa shida, asubuhi ya tatu nikamkuta amekufa pale pale kwenye gunia nililomtandikia, kichwa kakielekeza mlangoni. Nikadhani alikuwa na ugonjwa ambao nilichelewa kuujua. Dokta wa wanyama niliyemsimulia baadae aliniuliza swali moja tu, ulimpa chakula kiasi gani?

Kumbe mnyama aliyekaa na njaa siku nyingi mwili wake unabadilisha kabisa namna ya kuishi. Unaanza kujila wenyewe, mafuta kwanza alafu misuli, na madini kama fosfeti, potasiamu na magnesiamu yanakuwa yameisha sana mwilini hata kama ukipima damu mwanzoni yanaweza kuonekana yapo ya kutosha. Sasa ukimpa chakula kingi kwa ghafla, hasa cha wanga, insulini, ile homoni inayoingiza sukari ndani ya seli, inapanda, na insulini ikipanda inayavuta yale madini machache yaliyobaki kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli, damu inabaki haina kitu, mapigo ya moyo yanavurugika, misuli inaisha nguvu, pumzi inakata. Yaani kinachomuua ni kile kile chakula tulichompa kwa mapenzi. Na haya sio ya wanyama tu, mwaka 1945 wanajeshi walipofika kwenye kambi za Wanazi kama Bergen-Belsen kule Ujerumani wapo wafungwa waliokufa wakiwa wameshakombolewa, kwa sababu askari waliowahurumia waliwapa chakula cha jeshi ambacho miili yao haikuweza kukipokea. Kama binadamu mwenye mdomo wa kusema alikufa hivo, vipi mbwa ambaye atakula kila unachomwekea.

Mnyama wa hivyo anatakiwa apewe maji kidogo kidogo, aonwe na dokta haraka, apimwe damu kama inawezekana, alafu chakula kiwe kiasi kidogo sana mara nyingi kwa siku na kiongezwe polepole siku hadi siku. Farasi na punda hivo hivo, wanaanziwa na majani makavu kama lusini kwa vipimo vidogo kila baada ya masaa machache, nafaka hapana, na kurudisha ule mwili kunaweza kuchukua miezi. Dakika unayokata waya ni fupi kuliko zote. Lakini ndio hiyo hiyo dakika kila mara tunaiona gazetini na kwenye simu zetu, na inayofuata hatuioni, ndio maana watu kama mimi wanaua mbwa kwa sinia la chakula wakidhani wanafanya kama walichoona kwenye picha.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Naomba gazeti letu liache kuishia kwenye siku ya kuokolewa.

Na sio mbwa tu. Kuna siku mlitoa picha ya mtoto wa swala kabebwa na watu waliosema wamemkuta kichakani peke yake ametupwa na mama yake. Mhariri, watoto wa aina nyingi za swala na paa hawatupwi, mama anamficha kwenye majani anaenda kula mbali makusudi ili wanyama wakali wasifuate harufu yake mpaka kwa mtoto, na mtoto amezaliwa anajua kulala kimya bila kutikisika, mama anarudi kumnyonyesha mara chache kwa siku. Kwa hiyo anayepita akamwona akamchukua anakuwa amemnyang'anya mama mwenye mtoto. Ndege pia, kinda ambaye ameshaota manyoya anarukaruka chini, wazazi wako juu ya mti wanamwangalia na wanaendelea kumlisha, huyo muache, labda umsogeze pembeni kama kuna paka au gari. Akiwa bado mtupu hana manyoya na kiota unakiona basi mrudishe, ile habari kwamba mama atamkataa akisikia harufu ya mkono wa mtu kwa ndege wengi sio kweli, wanarudi. Kumchukua iwe pale ambapo amejeruhiwa, au umeuona mzazi amekufa, au umekaa mbali ukasubiri muda wa kutosha hakuna aliyerudi. Na hapo pia unamweka kwenye boksi lenye matundu, pana joto, giza na kimya, unatafuta mtu anayejua. Usimpe maziwa. Ndege hana habari na maziwa kabisa, na hata wanyama wanaonyonya wengi maziwa ya ng'ombe yanawaharisha mpaka wanaishiwa maji.

Kwenye maziwa hapa nataka nikae kidogo maana ni jambo linalonigusa sana. Yule mama wa Kenya, Daphne Sheldrick, aliyefariki 2018, alihangaika miaka na miaka na watoto wa tembo waliobaki yatima baada ya mama zao kuuawa na majangili au ukame, wakawa wanamfia mikononi mmoja baada ya mwingine kwa sababu tumbo la mtoto wa tembo haliwezi mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Alijaribu hiki akajaribu kile mpaka akapata mchanganyiko unaotumia maziwa ya unga ya watoto wa binadamu na mafuta ya nazi, na mwaka 1977 baada ya mume wake David kufariki akaanzisha kituo chao pale Nairobi ambacho mpaka leo kinapokea tembo yatima. Lakini hata baada ya kupata maziwa kulikuwa na jambo lingine hakulijua. Alikuwa na mtoto wa tembo mmoja anaitwa Aisha, kamlea miezi kadhaa amenawiri, mama yule akasafiri siku chache kwenda kwenye harusi ya binti yake akamwacha na mtu mwingine, Aisha akagoma kula, akafa. Alikufa kwa huzuni. Alikuwa amemfanya Daphne ndio mama, na mama ametoweka mara ya pili.

Mtu mwingine angeacha hiyo kazi kabisa. Yeye akabadilisha utaratibu, kuanzia hapo mtoto hamshiki mtu mmoja, walezi wanabadilishana zamu, usiku wanalala nao vibandani lakini leo huyu kesho yule, ili mtoto apende kundi zima la walezi na zaidi awapende tembo wenzake. Chupa za maziwa mchana na usiku. Blanketi la kumfunika asipigwe baridi maana mama yake angemfunika na mwili. Wakifika umri wa miaka kama mitatu hivi wanahamishiwa hifadhi ya Tsavo, na pale hakuna anayewaambia nendeni, wanazunguka porini mchana wanarudi jioni, wanakutana na tembo wa porini, siku moja hawarudi, baada ya wiki wanarudi, inaweza kuchukua mpaka miaka 10 ndio tembo akawa wa porini moja kwa moja. Na wapo majike waliolelewa hivyo ambao walizalia huko porini alafu wakaja na watoto wao mpaka kwa walezi waliowanywesha chupa. Sasa niambie Mhariri, hapo siku ya kuokolewa ni ipi? Ile aliyobebwa na helikopta au hii ya miaka mingi baadae?

Kakakuona naye ana habari yake. Huyu akikamatwa anajiviringisha tu kama mpira, hana kelele, hana namna ya kujitetea zaidi ya magamba, na ndio hayo magamba yanayomponza. Mwaka 2016 kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pale Johannesburg nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote 8 za kakakuona. Ni vizuri, lakini anapokamatwa kwenye gunia la mfanyabiashara yuko hai mnamfanyaje? Ukimweka kwenye banda ukamwekea bakuli la chakula wengi wanakataa wanakufa, yeye anakula sisimizi na mchwa aliowachimba mwenyewe, aina anayoitaka, mahali anapopataka. Kule Zimbabwe wanaowauguza wamempa kila kakakuona mtu wake wa kutembea naye, masaa kila siku, mtu anamfuata nyuma polepole porini anamlinda wakati anakula, anamrudisha, kesho tena. Kazi ya mtu mzima kwa mnyama mmoja. Mi naona hiyo ni habari kubwa kuliko picha ya magunia ya magamba mezani na maafisa wamesimama nyuma, ingawa najua ipi ni rahisi kupiga.

Mwaka 2000, mwezi wa sita, meli iliyoitwa Treasure ilizama karibu na visiwa vya Robben na Dassen huko Afrika Kusini ikamwaga mafuta katikati ya makazi ya pengwini. Pengwini kama 19,000 walichafuka. Ukimwona pengwini ana mafuta utataka umwoshe saa hiyo hiyo, na hapo ndipo wangekufa, maana kuoshwa kwenyewe ni msukosuko mkubwa kwa ndege ambaye ameshachoka, ana baridi, na amemeza mafuta akijaribu kujisafisha kwa mdomo. Kwanza walinyweshwa maji kwa mrija, wakalishwa, wakapewa joto, wakaachwa wapate nguvu, ndio wakaoshwa mmoja mmoja kwa sabuni na maji ya moto kiasi, na mswaki kwenye kichwa, wakasuuzwa mpaka tone la mwisho, maana sabuni ikibaki nayo inaharibu manyoya. Baada ya hapo wakawekwa kwenye mabwawa wakae mpaka manyoya yazuie maji tena. Maelfu ya watu wa kujitolea walifika, wengi hawajawahi kumshika ndege, wakang'atwa mikono mpaka inatoka damu. Na wale ambao hawajachafuka, karibu 19,500, wakakamatwa wakapelekwa kwa malori mpaka Port Elizabeth wakaachiwa huko, ili muda watakaoutumia kuogelea kurudi nyumbani mafuta yawe yamesafishwa. Watatu walifungwa vifaa vya setilaiti, wakapewa majina Peter, Pamela na Percy, watu wakawa wanafuatilia safari yao kila siku. Zaidi ya asilimia 90 ya waliochafuka walirudishwa baharini wazima.

Naisimulia hiyo kwa furaha lakini siwezi kuficha kilichofuata. Mwaka 2024 pengwini hao hao wa Afrika wameingizwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, sababu kubwa ni kwamba hawapati dagaa wa kutosha, samaki wamehama na wanaobaki wanavuliwa. Yaani unaweza kumwosha pengwini kwa mswaki, ukamlisha, ukamtibu jicho, ukamrudisha kwao, akakuta kwao hakuna chakula. Choroa wa Uarabuni, yule swala mkubwa wa jangwani, hivo hivo, wa mwisho porini aliuawa 1972, lakini wachache walikuwa wameshakusanywa mapema wakazalishwa, wengine kwenye bustani ya wanyama ya Phoenix huko Marekani, 1982 wakarudishwa Oman, na mwaka 2011 akawa mnyama wa kwanza aliyewahi kutoweka porini kupandishwa mpaka daraja la walio katika mazingira magumu tu. Ila katikati hapo majangili walirudi Oman wakawapunguza vibaya, na hifadhi yao ikaondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007 baada ya kupunguzwa eneo kwa sehemu kubwa. Kumrudisha mnyama mahali pale pale palipomuua bila kubadilisha kitu ni sawa na kutomrudisha.

Hao wa kule California, Marekani, tai wakubwa wanaoitwa kondori, mwaka 1982 walibaki 22 tu dunia nzima, mpaka 1987 wote wakawa wamekamatwa hakuna hata mmoja angani. Walezi walivaa mikononi vikaragosi vyenye umbo la kichwa cha kondori ndio wakawa wanalisha makinda, kinda asione sura ya mtu, kwa sababu kinda akifungua macho anamshika yule anayemlisha kama ndio mzazi wake na ndio aina yake, akikua anawafuata watu na kwenye wenzake hana kazi. Mi niliposoma hilo nilifikiria wote tuliowahi kulea kinda la ndege tukafurahi linavyotufuata. Walipoanza kuachiwa 1992 wengine wakatua kwenye nguzo za umeme wakafa, ikabidi wengine wafundishwe kwanza na nguzo za bandia zenye shoti ndogo wazikimbie. Alafu risasi za madini ya risasi, mwindaji anaua mnyama anaacha matumbo, kondori anakula na sumu ya vile vipande vya risasi inamwingia kwenye damu, mpaka leo wengine wanakamatwa mara kwa mara wanasafishwa damu wanaachiwa tena. Jimbo lile lilipitisha sheria 2013 na kuanzia 2019 risasi hizo haziruhusiwi kwenye uwindaji wote. Sasa wamezidi 500 ukijumlisha wa porini na wa mabandani. Miaka zaidi ya 40 hiyo, kila mmoja ana namba yake bawani.

Najua utaniuliza, gazeti lifanye nini, sisi sio madaktari wa wanyama. Mhariri, mwaka 1930 mwanamke Mwingereza aitwaye Dorothy Brooke alifika Cairo kumfuata mume wake aliyekuwa mwanajeshi, akakuta farasi wa jeshi waliopigana vita ya kwanza ya dunia, waliouzwa Misri vita ilipoisha, sasa ni vikongwe, wengine vipofu, wanavuta mikokoteni wakiwa na vidonda. Alifanya nini? Aliandika barua kwa mhariri wa gazeti, kama hii ninayokuandikia mimi, ikachapwa London mwaka 1931. Wasomaji wakatuma pesa nyingi, kwa miaka mitatu akanunua farasi kama 5,000, na 1934 akafungua hospitali ya wanyama hapo Cairo ya kutibu bure farasi na punda wa watu maskini, na kazi hiyo inaendelea mpaka leo nchi nyingi.

Lakini kuna sehemu ya habari hiyo watu hawapendi kuisema nami nataka isemwe. Wengi wa farasi wale alipowanunua hakuwarudisha malishoni. Walikuwa wamechoka kupita kiasi, miguu imeisha, maumivu hayana dawa. Aliwapa siku chache za kupumzika, wakala, wakalala kwenye majani makavu, alafu wakalazwa usingizi wa mwisho kwa amani. Na huko pia ni kuokoa. Dokta wangu aliniambia kuna wanyama anaowapokea ambao kitu pekee chema alichobaki nacho ni sindano ya mwisho, na kwamba wanaomlaumu kwa hilo mara nyingi ndio wanaomletea mnyama amechelewa. Nimeshakaa pembeni ya mnyama wa hivyo nimemshika kichwa. Sitaki msomaji adanganywe kwamba kila mbavu zinazohesabika zitanenepa.

Kuhusu picha zenyewe nina ombi la pili. Mwaka 2021 wataalamu wa nyani na sokwe wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walitoa mwongozo kwamba picha za watu wamekumbatia sokwe na tumbili, hata kama anayekumbatia ni mlezi wa kituo mwenye nia nzuri, zinawafanya watu wengine watamani kumfuga, na mtoto mmoja wa sokwe akiuzwa kawaida mama yake na wengine kwenye kundi wameuawa ili apatikane. Mkiweka picha ya mtoto wa tumbili kavaa nepi ananyonya chupa hamna mnachomwambia msomaji isipokuwa kwamba anafugika. Na zile video za simu zinazozunguka, paka mdogo kazungushiwa chatu alafu mtu anatokea anamwokoa huku kamera ilishakuwa tayari tangu mwanzo, naomba mzichunguze kabla ya kuzirusha kwenye ukurasa wenu maana nyingine mnyama ametiwa mwenyewe kwenye hatari ili apatikane mtu wa kumtoa. Anaporudia kurekodi mara ya tatu huenda yule paka ameshakufa kwa hofu.

Na kila mnapoandika habari ya kumchukua mbwa wa mtaani ongezeni mistari miwili kuhusu kichaa cha mbwa, watu kama 59,000 wanakufa nacho kila mwaka duniani na karibu wote walipata kwa mbwa. Ukiumwa na mbwa au hata ukikwaruzwa unaosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, unaenda hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, husubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza hakuna tena dawa. Mtu anayeokoa wanyama anatakiwa awe mzima ili aokoe na kesho.

Nimeandika mengi, nisamehe, mambo haya nikianza sijui kukata. Lakini ombi langu la kwanza bado ni lile lile na ni dogo. Mtume mwandishi arudi kwa yule mbwa wa ukurasa wa mbele. Aulize lile sinia aliliacha au alilimaliza, nani alikuwepo usiku wa pili na wa tatu, alionwa na dokta, anakula mara ngapi kwa siku, kile kidonda cha shingo kimefungwa na nini. Arudi tena baada ya mwezi, na baada ya miezi sita, hata kama ni kipande kidogo cha habari ndani huko karibu na matangazo. Akikuta amekufa mwandike amekufa na sababu yake, msiogope, huenda kuna mtu mwingine ambaye leo usiku kambeba mbwa mikononi anafungua sufuria na hajui. Na akikuta yuko hai, naomba mnitolee picha yake akiwa amesimama kwa miguu yake minne, bila watu, nitaikata niibandike ukutani juu ya lile gunia ambalo mpaka leo sijalitupa.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa kila siku